Miaka Miwili Kati ya Sura Mbili

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mwanzo 40 inaishia gerezani: mnyweshaji wa Farao amerudishiwa kazi yake, na Yusufu amesahauliwa. Sura ya 41 inapoanza, miaka miwili mizima imeshapita, na hatusimuliwi hata siku moja ya miaka hiyo. Nimeisoma habari hii mara nyingi nikipita mbio. Wiki hii nimekwama hapo, na aliyenikwamisha ni mchezaji mstaafu wa badmintoni kutoka China, Zhang Ning.

Mwaka 1994, mjini Jakarta, ilichezwa fainali ya Kombe la Uber, mashindano ya timu za taifa za wanawake. China na Indonesia zilikuwa zimefungana mechi mbili kwa mbili. Mechi ya kuamua akapewa Zhang Ning, binti wa takriban miaka 19. Ng'ambo ya wavu alisimama Mia Audina, mtoto wa miaka 14, akicheza mbele ya watu wa kwao. Zhang Ning akashindwa, kombe likabaki Indonesia.

Hebu fikirini safari ile ya kurudi nyumbani. Olimpiki ya 1996 ikapita bila yeye. Ya 2000 huko Sydney nayo ikapita. Mchina mwenzake, Gong Zhichao, ndiye aliyevishwa dhahabu. Zhang Ning akaendelea na mazoezi. Ubingwa wa dunia aliupata 2003, akiwa na miaka 28.

Mwaka uliofuata, Athens, fainali ya Olimpiki. Ng'ambo ya wavu, Mia Audina yuleyule, sasa akiichezea Uholanzi. Miaka kumi imepita! Seti ya kwanza Zhang Ning akaipoteza, 8–11. Jakarta yote ingeweza kumrudia pale. Akashinda zilizofuata, 11–6 na 11–7. Beijing 2008, akiwa na miaka 33, akaitetea dhahabu hiyo, kisha akawa kocha. Li Xuerui, aliyemfundisha, akatwaa dhahabu London 2012.

Siwaambii kwamba kila anayengoja hupewa medali. Audina, aliyeshangiliwa akiwa mtoto, alipata medali ya fedha Olimpiki ya 1996 na ya fedha tena 2004. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe, na Mungu anampenda vilevile. Ninalolishika ni hili: aliyeingia uwanjani Athens hakuwa tena yule binti wa Jakarta.

Sasa mtazameni Yusufu. Kabla ya ile miaka miwili anamsihi mnyweshaji amkumbuke, amtaje kwa Farao, atolewe mle ndani. Baada yake anasimama mbele ya Farao mwenyewe, mwenye uwezo wote wa kumfungulia, na haombi kufunguliwa. Anasema jibu litatoka kwa Mungu, kisha anazungumzia njaa itakayowapata watu wengine. Tafuteni popote katika sura ya 41 alipojiombea, mimi sijapaona.

Alhamisi tukikutana kwa maombi, tutasoma sura ya 40 hadi mwisho, tufunge Biblia, tukae kimya kwa muda kabla ya kuifungua ya 41. Mnaongoja kazi, mtoto, majibu ya vipimo, au simu ya ndugu aliyenyamaza, njooni mlitaje jambo lenu kwa sauti. Tutawaombea mmoja mmoja, kwa majina.