Kutoka Wizara ya Mambo ya Nje hadi darasani: vyeti kwanza, kisha achana na dokezo

Afisa wa mambo ya nje anayetaka kufundisha chuo kikuu aanze kwa kukagua vyeti vyake. Hapa Tanzania vyuo vya umma vinaajiri kwa GPA, yaani wastani wa alama kwa kipimo cha 5. Matangazo ya uhadhiri msaidizi kwa kawaida hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, na miaka 20 ubalozini haizibi pengo hilo. Uhadhiri kamili unadai uzamivu. Ukipungukiwa, omba vipindi vya mkataba wa muda, au bisha hodi Chuo cha Diplomasia, Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji.

Ugumu wenyewe unakuja ukishapewa somo. Wizarani umezoea dokezo: usuli, hoja, pendekezo moja, bosi anaidhinisha. Ukifundisha hivyo, wanafunzi watanakili pendekezo lako na kulirudisha kwenye mtihani neno kwa neno. Darasani uamuzi lazima urudishwe kwenye wakati ambapo ulikuwa bado haujafanywa.

Mfano mzuri ni Desemba 1965. Mawaziri wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) walikubaliana nchi wanachama zivunje uhusiano na Uingereza isipouzima uasi wa serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia (leo Zimbabwe), iliyojitangazia uhuru, kufikia tarehe 15. Wape wanafunzi hali ilivyokuwa tarehe 10, pamoja na habari kwamba kuna mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uko hatarini. Kundi moja liwe Hazina, jingine Mambo ya Nje, la tatu Ikulu. Kila kundi liandike ukurasa mmoja kwa nusu saa, kisha wabishane. Mwisho kabisa ndipo waambiwe kwamba Tanzania ilivunja uhusiano, mkopo ukazuiwa, na wanachama wengi wa OAU hawakutekeleza azimio lao wenyewe. Ukiutoa mwisho huo mapema, darasa zima litamsifu Mwalimu Nyerere na hakuna atakayepima gharama. Msimamo ule ninauheshimu sana, na ndiyo maana nataka wanafunzi waone uzito wake.

Kuhusu siri: Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachii kwa sababu umerudisha kitambulisho. Kanuni salama ni kutosema darasani jambo ambalo huwezi kulionyesha kwenye waraka wa wazi, kama Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), maazimio ya Umoja wa Mataifa au majalada ya Uingereza yaliyofunguliwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Yapo ya kutosha kwa muhula mzima.

Usahihishaji nao una mtego wake. Mfumo uliozoeleka ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani, na afisa mzoefu huelekea kumpa alama nyingi anayekubaliana na msimamo wa serikali. Andika mwongozo wa alama kabla ya kufungua karatasi ya kwanza. Badala ya "Taja haki za balozi", uliza: "Serikali inataka kumfukuza balozi chini ya Ibara ya 9 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia. Mshauri Waziri, kisha pinga ushauri wako." Gawa alama sawa kwa sehemu zote mbili.