Mpini wa Dekio

Chumba chetu cha hosteli kwenye karatasi kilikuwa cha watu wanne. Tulikuwa tukilala sita, kwa sababu wawili walikuwa wamebebwa, yaani walilala kwetu bila kupangiwa kitanda, kama ilivyokuwa karibu kila chumba cha ghorofa ile. Mwenzetu wa Kigoma alikuwa na kitanda cha juu cha dabo deka, mimi nilikuwa chini yake. Alipogeuka usiku nilijua. Aliposoma hadi saa nane, mwanga wa simu yake ulipenya pembeni ya godoro ukanifikia. Mwaka mzima tuliishi hivyo, na sijawahi kuishi karibu hivyo na mtu ambaye si ndugu yangu.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, abiria aliyeingia siku moja kabla kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Sisi tulikuwa Dar es Salaam, na kwa saa chache nilijifariji kwamba Kilimanjaro ni mbali. Usiku ulipoingia faraja hiyo ilikuwa imeisha. Wenzetu walikuwa wamemaliza barakoa kwenye maduka ya dawa ya jirani, na zilizobaki zilipandishwa bei siku hiyohiyo. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeshaisha. Sita tulichanga tukapata chupa moja ya spiriti, tukaifunga kwa kamba kwenye kitasa cha mlango ili kila aingiaye ajipake.

Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Vyuo havikutajwa. Tulikaa vitandani tukiulizana kwa nini wadogo zetu waokolewe sisi tuachwe tukibanana. Wengine walikasirika, mmoja alilia. Mimi nilinawa mikono. Nilikuwa nimeanza tabia ya kunawa kwa sabuni ya unga kila niliposhika kitu, hata daftari langu mwenyewe, na ngozi ya vidoleni ilishaanza kupasuka. Hakuna aliyenituma kutumia sabuni ya kufulia. Iliwasha, na kwa kuwa iliwasha niliamini inafanya kazi.

Ilikuwa kama saa tatu usiku wa Jumanne hiyo nilipohisi kitanda kinatetemeka.

Nilidhani anacheka au anaongea na simu. Nikasimama nikachungulia. Alikuwa amejikunja ndani ya kanga mbili na shuka, meno yanagongana. Nilimgusa paji la uso, nikauondoa mkono haraka kama niliyegusa sufuria. Akasema, "Hii malaria, jamani. Naijua tangu mtoto."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kigoma malaria ni ugonjwa wa nyumba kwa nyumba. Mimi nimekulia Lushoto, milimani, kwenye baridi, mbu wa malaria si wa kule. Homa ya kutetemesha namna ile nilikuwa naisikia tu. Kwangu, usiku ule, homa ilikuwa na jina moja, na jina hilo lilikuwa limeingia nchini jana.

Sikumbuki nani alisema kwanza kwamba tutoke. Natamani nikumbuke, na natamani iwe si mimi. Ndani ya dakika kumi watano tulikuwa koridoni na magodoro yetu. Wanne walipata vyumba vya marafiki. Mimi sikupata, kwa sababu habari ilishatangulia, na kila mlango niliogonga sauti ilinijibu kutoka ndani kwamba wamejaa. Nikatandika nje ya mlango wa chumba chetu.

Karibu saa sita aliniita. Aliomba maji.

Chupa ilikuwa kwenye ndoo yangu. Nilijifunga kanga puani, nikafungua mlango, nikaona ameshuka, amekaa sakafuni ameegemea kabati. Kati yetu palikuwa na hatua nne hivi. Niliweka chupa chini. Kisha nikachukua dekio lililokuwa nyuma ya mlango, nikaligeuza, nikaisukuma ile chupa kwa mpini mpaka ikamfikia miguuni.

Akasema, "Asante, dada."

Nilifunga mlango. Nikaupaka mpini spiriti, nikajipaka na mimi mpaka viwiko. Nikalala chali koridoni. Siku zile kulikuwa na ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba ukiweza kubana pumzi sekunde kumi bila kukohoa basi mapafu yako ni salama. Ulikuwa uongo mtupu, madaktari walishaukanusha, lakini mimi niliubana moyoni kama dua. Nilihesabu moja mpaka kumi, nikapumua, nikaanza tena. Nilihesabu hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi alikwenda zahanati peke yake kwa bajaji. Hakuna aliyemsindikiza kati yetu watano. Alirudi mchana na pakiti ya dawa mseto na cheti cha kipimo, akakishika mkononi akisimama mlangoni, akatuonyesha mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha tiketi. Malaria. Mmoja wetu akamkumbatia. Mimi nilisema "pole" kutoka nilipokuwa, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshajibu kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Siku hiyohiyo, Jumatano tarehe 18, serikali ikafunga na vyuo. Hosteli nzima iligeuka stendi. Mabegi yaliburutwa ngazini, watu walipigia simu nyumbani kuomba nauli. Yeye hakuweza kusafiri akiwa bado na homa, na Kigoma si safari ya kwenda ukiwa unatapika. Akasema atasubiri siku tatu, shangazi yake wa Mbagala atakuja kumchukua. Mimi nilipanda basi Ubungo Ijumaa alfajiri. Nilimuaga kwa kupunga mkono.

Safari ya Lushoto ni ya siku moja, na sijapata kuona siku ndefu vile. Nilikuwa na kikohozi kidogo, cha mafua tu, lakini ndani ya basi lile hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia kuwa ni mafua. Kila kikipanda kooni niling'ata tangawizi mbichi niliyokuwa nimeiweka mfukoni mwa sweta, machozi yananitoka, nikitazama dirishani nisionekane. Kufika Segera mdomo ulikuwa umeungua. Baada ya Mombo, barabara ilipoanza kupanda kwenda Soni na hewa ya baridi ikaingia, kikohozi kilinishinda. Mama aliyekaa pembeni yangu alimhamishia mtoto wake goti la pili. Hakusema neno, na mimi nilimwelewa kabisa.

Nyumbani nilikataa kuingia. Nilimwambia mama kutoka uani kwamba nitalala stoo ya viazi siku 14, na mtu yeyote asinikaribie, hasa bibi. Mama alikubali kwa shingo upande. Bibi hakukubali. Jioni ya kwanza alikuja na kikombe cha uji, nikamwambia akiache juu ya jiwe nitakichukua akiondoka. Alisimama akinitazama muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwenye kuwekewa chakula chini ni nani?"

Akanipa mkononi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilinywa ule uji nikilia, na bibi akadhani nalia kwa sababu ya ugonjwa.

Kikohozi kiliisha siku ya nne. Hofu haikuisha. Nilikuwa nanusa kila kitu, sabuni, mafuta ya taa, majani ya mkaratusi ya nyungu, kuhakikisha pua bado inafanya kazi. Nilisubiri takwimu za wizara kila jioni kama watu wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Mwisho wa Aprili zilifika wagonjwa 480 na vifo 16. Haikupita muda mrefu zikaacha kutolewa, na nikagundua kuwa namba, hata zikiwa mbaya, zilikuwa zinanishika mkono. Bila namba nilihesabu misiba niliyoisikia kwa masikio yangu.

Yeye nilimwandikia mara moja: umefika salama? Akajibu: nimefika, asante. Asante ile ile. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta. Nikaandika mwingine nikaufuta.

Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba vyuo vifunguliwe Juni mosi. Niliporudi, kila mlango wa jengo ulikuwa na ndoo ya maji tiririka yenye koki, na chumba chetu, kwa mara ya kwanza, kilikuwa na watu wanne kweli. Yeye alifika siku ya tatu, amekonda, na furushi lililofungwa kwa kanga. Alikuwa ametuletea migebuka mikavu na chupa ya mawese. Kila mmoja alimgawia mkononi. Alipofika kwangu nilipokea kwa mikono miwili, na sikuweza kusema hata asante.

Usiku, taa zikiwa zimezimwa, nilisema kuelekea kitanda cha juu, "Ule usiku. Lile dekio. Nisamehe."

Alinyamaza. Nikafikiri amelala.

"Nilikuwa najiuliza kama unakumbuka," akasema.

"Nakumbuka kila siku."

Kitanda kililia kidogo, akawa amegeukia upande wa ukutani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Aliposema hii malaria naijua, alikuwa anasema kwa ajili yetu. Mwenyewe hakuwa na hakika. Tulipotoka wote, aliandika namba ya simu ya mama yake kwenye karatasi, akaibandika ukutani kwa plasta, ili asubuhi tukimkuta amekufa tujue pa kupiga. Baada ya kunywa maji alikaa palepale sakafuni, akabana pumzi, akahesabu hadi kumi. Akaanza tena. Mpaka adhana ya alfajiri.

"Na wewe?" nikauliza.

"Si ndiyo ujumbe ulivyosema?"

Plasta ilikuwa bado ukutani. Niliipapasa gizani, karatasi yenyewe ilikuwa haipo.