Siku moja maishani mwangu: napanga safari za mlimani nikiwa kisiwani

Saa 11 alfajiri. Siku ambazo nina watu mlimani sihitaji simu kuniamsha. Leo ninao: familia ya watu sita wa hapahapa Unguja, baba, mama, shangazi na vijana watatu. Wamelala Marangu, na asubuhi hii wanapanda Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara na kushuka. Nasali, nabandika chai, namwandikia mwongozaji wao: "Kaka, kumekuchaje huko?" Anajibu kabla chai haijachemka: "Mawingu ya chini tu dada, juu kweupe. Mzee kala vizuri." Hilo la mzee kula ndilo nililokuwa nalitafuta. Ana miaka 58 na goti lake la kulia lina kovu la upasuaji.

Kazi yangu ni kupanga matembezi ya milimani ya siku moja. Natumikia ofisi ndogo Mji Mkongwe, chumba kimoja chini ya ngazi, feni moja, meza mbili. Kisiwa chetu hakina mlima. Pahala pa juu kabisa Unguja ni Masingini, takriban mita 120 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo nikisema ninachofanya watu hunitazama kama nimewaambia nalima karafuu baharini. Jirani yetu mmoja huniita papasi mbele ya mama yangu. Papasi ni yule kijana anayemwandama mgeni kutoka bandarini mpaka mlango wa hoteli. Naye anatafuta riziki yake, sina la kumsema. Lakini mimi simwandami mtu. Mimi nahesabu saa za watu na pumzi zao kabla hawajatoka majumbani mwao.

Nilianza mwaka 2017, nilipopanda hadi Mandara mwenyewe kwa mara ya kwanza nikiwa na raba za kitambaa. Kwenye kuteremka vidole vilisukumwa mbele kila hatua, na wiki ile kucha za vidole gumba vyote viwili zikapiga weusi, kisha zikang'oka. Ndiyo maana orodha ninayowapa wateja, kabla ya koti na kabla ya maji, huanza na mstari huu: kata kucha za miguu.

Saa 1 na nusu napanda daladala Fuoni, nashuka Darajani, nakata vichochoro hadi ofisini. Kuanzia saa 2 hadi karibu saa 4 ni simu za kuthibitisha vyumba Moshi, nambari za malipo ya hifadhi, na kumuuliza kwa mara ya pili dereva kama kabadilisha lile tairi.

Saa 3 na dakika 10 mwongozaji anaandika: "Tumeingia getini." Nanukuu saa hiyo kwenye daftari. Njia ya Marangu ina mtandao wa kubahatisha, kwa hivyo huo huwa ujumbe wa mwisho kwa muda mrefu.

Saa 4 kasoro anaingia Maalim.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Sisi tu walimu kumi na nne. Tunataka mlima, siku moja. Asubuhi ndege, tunapanda, jioni ndege, tunalala makwetu."

Watu hunijia na ombi hili karibu kila mwezi, na simlaumu yeyote, maana "siku moja" kwenye matangazo husomeka hivyo. Nachukua karatasi nampigia hesabu mbele yake. Ndege ikiondoka saa 2, angani ni karibu saa nzima. Kutoka uwanjani hadi Marangu barabara ni karibu saa mbili. Mpaka kujiandikisha na kugawana maji, ni saa 6 mchana mko getini bado. Kupanda hadi Mandara ni saa tatu hadi nne kwa mtu wa kawaida. Hapo ni saa 10. Hamjala, hamjasali, hamjageuka. Kuteremka saa mbili na nusu. Mnatoka getini giza limeshaingia msituni, na ndege ya jioni imeshaondoka.

Maalim anaitazama karatasi. "Lakini ni kilomita nane tu. Wanafunzi wangu wanakimbia dakika tisini uwanjani, sisi tushindwe kutembea kilomita nane?"

Kilomita 8 za kupanda na 8 za kurudi, Maalim. Na geti liko juu ya mita 1,800 wakati Mandara ni mita 2,720. Ni kama kuipanda Masingini yote kuanzia pwani, mara saba bila kushuka. Isitoshe, ukishapita mita 2,500 kichwa kinaweza kuanza kuuma na tumbo kuchafuka hata kwa kijana wa mpira. Kwenye msafara wa watu kumi na nne, kuna atakayefika kwa saa mbili na nusu na kuna atakayehitaji tano, na mpango hupangwa kwa yule atakayehitaji saa tano. Namuuliza mwalimu wake mkubwa kuliko wote ana miaka mingapi. Anasita. "Ni mimi," anasema.

Basi tulale usiku mmoja, anakubali, lakini bei ipungue. Hapo ndipo asubuhi yangu ilipokwenda yote. Tulianza na vyumba: walale wanne wanne. Sawa, hilo linawezekana. Tukaja kwenye chakula: kwa nini boksi la chakula lilipiwe, si wabebe boflo na mayai kutoka nyumbani? Nikamwambia wabebe wanachotaka, ila mayai yaliyochemshwa Unguja jana yasiliwe mlimani leo, na kule Moshi nina mama wa Kiislamu anayetupikia kuku wa halali, chapati na ndizi, kila mtu na boksi lake. Tukaja kwenye maji: wabebe chupa za dukani. Hapana, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, kila mtu awe na chupa yake ya kujaza. Tukaja kwenye mwezi: wanataka Aprili. Aprili ni masika, njia ni tope na mizizi inayoteleza, na huko juu hutaona ila ukungu. Nikamsihi wangoje likizo ya katikati ya mwaka, baridi ni zaidi lakini mbingu hufunguka. Akaniuliza baridi kiasi gani. Nikamwambia joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Leo mjini tunatoka jasho tumekaa, kule mtavaa sweta mnatembea. Akapiga simu kwa mwenzake kumsimulia, wakabishana kuhusu sweta kwa dakika kumi na mimi nasubiri na kalamu mkononi.

Kisha likaja la mwalimu mgeni. Kati ya wale kumi na nne mmoja ana pasipoti ya nje. Raia analipa kiingilio kidogo, mgeni analipa zaidi. "Mtie tu kwenye orodha yetu," Maalim ananiambia kwa sauti ya chini, "anazungumza Kiswahili kama sisi." Nilimheshimu, lakini nilikataa, na nilikataa mara tatu. Getini wanaangalia kitambulisho cha kila jina. Jina likikwama, watu kumi na nne wanakaa juani wakati saa zao za kupanda zinaondoka, na mwalimu wa watu anasimamishwa mbele ya wenzake kama mwizi. Siwezi kumpangia mtu siku ya namna hiyo.

Alipoinuka kwenda kusali adhuhuri nilidhani tumemaliza. Alirudi na mwalimu mwenzake wa hesabu na wakaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Lililowauma zaidi ni waongozaji. Mwongozaji ni lazima kwa sheria ya hifadhi, hilo walilikubali. Mimi nimeandika wanne kwa watu kumi na nne. "Mmoja anatosha, njia si ipo?" Yule wa hesabu alikuwa ameshapiga mstari juu ya watatu. Nikaona nimetazama saa ya ukutani, naye Maalim akaiona nilivyotazama.

"Una miadi?"

"Hapana Maalim. Ni saa 7."

Nikawaeleza. Kila kundi langu lina saa ya kugeuka, na kwa Mandara ni saa 7 mchana. Popote ulipo, hata ukiviona vile vibanda vya mbao kati ya miti, saa 7 unageuka. Mlima hautoki pale ulipo. Mchana mtu huchoka bila kujijua na kuteremka ndiko kunakovunja magoti. Dakika hii kuna mzee wangu kule juu, na kama hajafika, ndipo anapoambiwa ageuke. Na kama watoto wake wana nguvu za kuendelea, nani atakwenda nao na nani atarudi na yeye? Ndiyo kazi ya mwongozaji wa pili.

Hawakunijibu. Walichukua karatasi, wakasema watazungumza na wenzao, wakaondoka. Sikujua kama nimewapata au nimewapoteza. Koo lilikuwa limekauka, na sambusa niliyonunua saa 5 imepoa kwenye gazeti.

Baadaye umeme ukakatika na feni ikasimama. Nikahamia barazani na daftari. Alikuja bibi mmoja wa Kiponda ambaye nimempangia matembezi mafupi ya maporomoko ya Materuni mwezi ujao. Nilimwambia ajizoeze kwenye ngazi za majumba ya Michenzani, kwa mjukuu wake, apande ghorofa tatu mara mbili kwa siku. Alikuja kuniambia tu kwamba sasa anapanda bila kushika ukuta. Alikaa, akanywa maji, akaondoka. Nilifurahi mno, lakini nusu yangu ilikuwa Marangu.

Saa 10 walitakiwa wawe getini. Ikafika 10 na nusu, kimya. Napiga, simu haipatikani. Nikasali alasiri nikarudi nikapiga tena. Mwenzangu akafunga droo zake akaniuliza kama naondoka, nikamwambia bado. Hapa ndipo mtu wa nje asipopaona: hakuna ninachoweza kufanya. Nimeshafanya kila kitu wiki tatu zilizopita, nilipomuuliza yule mzee kuhusu goti, nilipomwambia anunue fimbo mbili za kutembelea na siyo moja, nilipogoma kuuza safari bila mwongozaji wa pili. Sasa ni kukaa na kuwaza mizizi iliyolowa na goti lenye kovu. Saa 11. Jua limeshuka nyuma ya nyumba, wanangu wa mtaani wanapiga mpira ukutani, na mimi kila mlio wa simu ya mtu mwingine unanishtua.

Saa 11 na dakika 40 ikaita. Si mwongozaji, ni mzee mwenyewe.

"Mwanangu, tumeshuka."

Nikakaa chini kwenye ngazi.

Ilipofika saa 7 alikuwa bado na kama dakika ishirini kufika Mandara. Mwongozaji wa kwanza akaendelea na vijana na shangazi, wakafika na kupiga picha zao. Wa pili akageuka na mzee na mkewe, hatua kwa hatua, fimbo mbele, wanapumzika kila anapotaka. Wakachelewa kwa saa moja na nusu, ndiyo hivyo tu. Nilingojea anilalamikie kwamba hakufika. Yeye alitaka kunihadithia mbega. Walipokuwa wamekaa juu ya gogo, walitokea watano juu ya mti uliojaa ndevu za kijani, na mmoja akaruka juu ya vichwa vyao, manyoya meupe yakatawanyika mgongoni "kama shali la bibi harusi, mwanangu, hivi hivi tunamwona." Mkewe akampokonya simu akanihadithia tena, mbega yule yule.

Nilifika nyumbani baada ya magharibi. Mama alikuwa ameniwekea muhogo wa nazi na samaki. Miguu inauma, nami sijapanda hata ngazi.

Saa 4 usiku simu ikalia. Maalim. "Mwanangu, wenzangu wamekubali. Julai, usiku mmoja, waongozaji wanne. Mgeni wetu atalipa chake. Wanauliza kama theluji tutaigusa."

Nikamwandikia kwamba theluji iko mbali sana juu ya Mandara, hawataigusa. Lakini kuna kreta ya Maundi, mwendo wa dakika kama kumi na tano kutoka vibandani, na watakaofika mapema wataweza kuiona Kibo, kile kilele chenye theluji, kutoka pale, mawingu yakifunguka. Kisha nikafungua daftari, nikaandika majina kumi na nne, na pembeni ya jina lake yeye, kwa kalamu nyekundu: saa 7.