Nyumba ya Mama Mkubwa: bado tunapambana na harufu

Kwa mliokuwa mkifuatilia: nyumba ya Mkomani, hapa Lamu, haijauzwa. Boriti ni nzima, vidaka vya ukutani vimepakwa upya, na bei si ya kumtisha mtu. Wateja waingia, wafika msanani, ukumbi wa ndani, mara wakumbuka wana miadi. Aliyesema wazi ni mama mmoja kutoka Nairobi. Alijiziba pua kwa ncha ya mtandio akauliza, "Ukuta huu unavuja?" Habari za usafi hakuzitaja kabisa. Alinusa ukungu, akaanza kupiga hesabu ya mafundi.

Dalali wetu dawa yake ni moja: "Fukiza udi, mwanangu, wakute nyumba yanukia." Nimekataa. Udi naupenda, lakini mtu akikuta moshi umetanda asubuhi katika nyumba isiyokaliwa, atajiuliza kunafichwa nini. Isitoshe, uvundo uliochanganyika na udi ni mbaya kuliko uvundo mtupu.

Basi nimemwita binamu wa Mombasa aje anuse. Sisi wa humu pua zimeshazoea, hazisikii kitu.

Choo kilikuwa kazi ndogo. Nyumba ikifungwa muda mrefu, maji yanayokaa kwenye kona ya bomba hukauka, na hewa ya shimoni hupanda moja kwa moja. Ndoo ya maji, kwisha. Popo wa darini tuliwangoja watoke magharibi ndipo tukaziba matundu. Kinyesi chao hakifagiliwi kikavu, kwani vumbi lake laweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Tulikirowesha kwanza, barakoa usoni.

Kesi kubwa ni ukuta wa chini. Zamani kuna mtu aliupiga plasta ya saruji, eti uwe imara. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani. Fundi aligonga kwa kishikio cha nyundo, ukaitika mtupu. Kipande kilipobanduka, nyuma yake palikuwa na weusi wa ukungu, chumvi imefanya maganda, na harufu iliyotutoa sote hadi barabarani. Binamu alikataa kurudi ndani mpaka alipokunywa chai.

Karibu na mlango kuna mkojo wa paka, vizazi na vizazi vya paka. Jirani alishauri siki. Sakafuni sawa, lakini ukutani siki hula chokaa. Isitoshe, chembe za mkojo zilizozama kwenye plasta huamka kila hewa ikipata unyevu. Tumebandua hadi jiweni.

Sasa twapiga chokaa tabaka kwa tabaka, nayo haitaki haraka. Dalali nimemwambia asilete mtu kwa sasa, amenuna. Kinachofuata ni magodoro ya sufi yaliyoko ghorofani. Yatoka yote, hata lile ambalo dada analililia.