Kijana wa Leicester mbele ya kitabu cha sheikh

Katika darsa zetu za fiqhi, yaani sheria za dini, na nahau baada ya sala ya Magharibi hapa Kisumu, mara kwa mara huketi kijana aliyezaliwa Leicester au London, mjukuu wa familia iliyokuwa na duka mjini humu kabla ya Wahindi wengi wa Kenya kuhamia Uingereza mnamo 1967 na 1968. Baadhi ya vijana hao wamekwisha kuanza masomo katika darul ulum, yaani vyuo vya dini, za huko, wengine wanafikiria kwenda Tarim ya Yemen au Cairo, na wazee wao huniuliza kama mtoto aliyelelewa Ulaya anaweza kuyastahimili masomo ya dini kwa utaratibu wa kale. Jibu langu ni kwamba anaweza, tena anaweza vizuri sana. Ninaamini kwamba kumfupishia kitabu kwa kumwonea huruma ni kumdhulumu, kwa kuwa anachohitaji ni kuelezwa sababu ya kila hatua na kusomeshwa na mtu anayeijua jamii atakayorudi kuitumikia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwanafunzi hupewa matni, yaani kitabu kifupi kilichobanwa maneno, akakihifadhi au akakizoea hadi kikakaa ulimini, kisha sheikh akamfungulia jumla baada ya jumla, yaani sentensi moja moja. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, mtu huanza na kitabu cha Safina, akapanda hadi kile cha Abu Shujaa, na akijaliwa umri na subira hufika kwenye Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kwa upande wa nahau mlango ni Ajurumiyya, kitabu cha kurasa chache cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Mwishoni sheikh humpa mwanafunzi ijaza, yaani idhini, ya kusomesha alichokisoma, na jina lake huingia katika sanadi inayopanda kutoka mwalimu hadi mwalimu.

Kijana wa Leicester hukwama mapema, na si kwa uvivu. Shuleni kwao amefundishwa tangu utotoni kwamba kuhifadhi jambo kabla ya kulielewa ni elimu duni, na kwamba mwanafunzi mwema ni yule anayeuliza kabla ya kukubali. Hapa anaambiwa ahifadhi kwanza, na akiuliza sababu, baadhi ya walimu hudhani amekosa adabu. Wengi wa vijana hawa huuliza kwa unyenyekevu kamili, na mwalimu anayewanyamazisha hupoteza hazina aliyoletewa hadi mlangoni.

Nichukue mfano wa jumla ya kwanza ya Ajurumiyya, inayofafanua kalam, yaani maneno kamili, kwa masharti manne: yawe yametamkwa, yawe yameungwa, yawe yanatoa faida, na yawe kwa wadhi, ambayo baadhi ya washereheshaji huieleza kuwa ni kukusudia na wengine kuwa ni mpangilio wa lugha ya Kiarabu. Mwanafunzi anaweza kuihifadhi jumla hiyo kwa dakika chache na asiambulie kitu. Hata hivyo, ukimwambia aondoe sharti moja moja na atazame kinachoingia, darsa huchangamka. Ukiondoa kutamka, ishara ya kichwa inakuwa kalam. Ukiondoa kuungwa, jina moja peke yake linatosha. Ukiondoa faida, mtu anaweza kusema "ukija kwetu" kisha akanyamaza, nawe ukabaki unangoja. Na ukiondoa kusudio, maneno ya aliyelala yanahesabiwa. Hapo ndipo kijana aliyezoea kuuliza sababu anapowatangulia wenzake, kwa kuwa waandishi wa matni hawakuweka neno bila sababu, na kazi ya sharhi, yaani kitabu kinachoeleza matni, ni kuonyesha sababu hizo. Akishaziona, hurudi kuhifadhi kwa hiari yake mwenyewe, kwani ameelewa kwamba jumla fupi aliyoibeba kichwani itamtumikia mahali ambapo hana kitabu.

Wapo wanaoogopa kwamba kueleza namna hii ni kubadilisha urithi, lakini historia ya mitaala yenyewe haiungi mkono hofu hiyo. Darsi Nizami, mtaala unaosomwa katika darul ulum nyingi za Bara Hindi na za Uingereza, unanasibishwa na Mulla Nizamuddin wa Farangi Mahal, Lucknow, aliyefariki mwaka 1748, naye aliipa humo mantiki na elimu za akili nafasi kubwa kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa wakielekea kwenye kazi za serikali na mahakama. Darul ulum ya Deoband, India, ilipoanzishwa mwaka 1866, chini ya utawala wa Waingereza, walimu wake waliikuza nafasi ya hadithi za Mtume, hadi mwaka wa mwisho ukawa wa kusoma vitabu vikuu vya hadithi. Walimu hao wote walitazama ni nani aliyeketi mbele yao na ataishi katika dunia gani.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu milango ya safari imefungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2005, baada ya mashambulizi ya London, serikali ya Pakistan ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni wa madrasa waondoke nchini. Damascus, iliyokuwa ikipokea wanafunzi wengi kutoka Ulaya na Marekani, iliingia vitani kuanzia 2011, na Yemen ikafuata. Kwa hiyo zile taasisi zilizokwisha kujengwa Magharibi zimebeba mzigo mkubwa kuliko zamani: darul ulum ya Bury, iliyoasisiwa katika miaka ya 1970 na Sheikh Yusuf Motala, Zaytuna ya Berkeley, California, iliyopata ithibati ya chuo mwaka 2015, na chuo cha Waislamu cha Cambridge, kilichoanzishwa mwaka 2009. Mwanzilishi mmoja wa Zaytuna, Hamza Yusuf, ni Mmarekani aliyesilimu akiwa kijana na kusomea Mauritania kwa Murabit al-Hajj, mahali ambapo wanafunzi huandika somo kwenye ubao wa mti, wakalihifadhi na kuufuta. Vyuo vyetu vya pwani vilikuwa na ubao kama huo.

Ninaziheshimu taasisi hizi kwa dhati. Nina wasiwasi mmoja tu, kwamba shahada inaweza kuisukuma kando ijaza, mwanafunzi akatoka amefaulu mitihani bila kukaa na sheikh hata akamwona anavyokasirika, anavyosamehe na anavyosema "sijui".

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna la kuwaambia vijana hawa, kwa sababu hali yao ni yetu. Uislamu ulifika Mumias pamoja na wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19, mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia, akasilimu, na tangu hapo tumekuwa Waislamu wachache kati ya jirani wengi wasio Waislamu, tusiosema Kiarabu nyumbani, tuliosoma shule siku tano za wiki na madrasa mwishoni mwa wiki. Msomi anayerudi Kisumu kutoka Lamu huulizwa na kijana aliyesilimu kama atahudhuria mazishi ya baba yake kijijini na atashiriki nini huko, na mzee huuliza afanyeje ili mama yake Mkristo asiachwe mikono mitupu ilhali hamrithi. Katika swali hili la pili, asiyeifahamu milango ya fiqhi humfukuza mzee kwa maneno makali. Aliyesoma vizuri anajua kwamba mlango wa wasia upo, ndani ya theluthi ya mali, naye humkalisha mzee akamweleza. Maswali hayo hayo yanamngoja kijana wa Leicester, pengine kwa wingi zaidi.

Dada zao wasisahauliwe. Tarim kuna Dar al-Zahra, inayosomesha wanawake, na Uingereza kuna darul ulum za wasichana, lakini katika misikiti yetu mingi msichana aliyekuja na kiu ya Ajurumiyya bado huelekezwa kwenye darsa ya twahara na kuambiwa kwamba hiyo inatosha. Haitoshi, na walimu wa kike wenye uwezo tunao.

Kwa wazee wanaoniuliza kama wamkatie kijana tiketi ya kwenda kusoma ng'ambo, rai yangu ni kwamba kijana akae kwanza mwaka mzima kwao au hapa kwetu, asome nahau na sarufi ya Kiarabu hadi aweze kufungua sharhi fupi bila tafsiri ya Kiingereza. Katika mwaka huo wazazi wamtafute sheikh kwa jina, wazungumze naye kwa simu, na wamuulize waziwazi kama anakubali kuulizwa maswali. Akisema hapendi maswali, watafute mwingine.