Kama hela ipo siitaki, kama haipo naitaka sasa hivi

Kuna Mfaransa mmoja simjui jina ila nampenda sana. San Francisco, Februari 1855, watu wamejazana benki wanataka dhahabu zao, jamaa anajipenyeza kwenye msongamano mpaka kaunta, anapewa hela yake, halafu hajui aifanyie nini.  Basi jamaa akasema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba kama ipo haitaki, ila kama ingekuwa haipo angeitaka vibaya mno!

Aliyesimulia hiyo habari ndo alikuwa meneja wa benki yenyewe, William Tecumseh Sherman, ndiyo huyuhuyu jenerali aliyekuja kuichoma Atlanta 1864, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa anahesabu hela za watu kwenye benki ya Lucas, Turner & Co.

Sasa ilikuwaje. California ya wakati ule katiba yake ya 1849 ilipiga marufuku benki kutoa noti za karatasi, kwahiyo hela maana yake dhahabu, na mchimbaji huko milimani hawezi kulala na kifuko cha dhahabu chini ya mto kila siku, anaipeleka kwa Adams & Co. au Wells Fargo. Hao walianza kama wasafirishaji wa barua na vifurushi, wana ofisi mpaka kwenye vijiji vya machimbo, wakajikuta wanatunza na hela za watu humohumo (kama duka la wakala mtaani kwetu tu, anauza sukari na anatunza hela). Ile msimu wa mvua wa 1854 kuingia 55 mvua ikagoma. Bila maji huoshi mchanga, na usipoosha mchanga dhahabu huioni, madeni ya dukani yakasimama, na benki nazo zilikuwa zimeshakopesha kwenye viwanja na majumba ambayo bei yake ilishaanza kushuka.

Halafu ikaja meli. Telegrafu (simu ya waya ya kupeleka ujumbe) ya kuvuka bara ilikuwa bado kabisa, ilifika 1861, kwahiyo habari zilikuwa zinakuja na meli ya mvuke kupitia Panama, wiki kadhaa njiani. Meli ya Oregon ikatia nanga tarehe 17 Februari na habari kwamba benki ya Page & Bacon ya St. Louis imeanguka, imekwama kwenye mkopo wa reli. Ya San Francisco, Page, Bacon & Co., ni ndugu yake. Yaani kosa limefanyika mbali huko, wiki nyingi nyuma, na watu wa huku ndo kwanza wanaanza kukimbia. Ikalipa, ikalipa, tarehe 22 ikafunga mlango. Kesho yake Ijumaa, ile wanayoiita Ijumaa Nyeusi, Adams hawakufungua kabisa na Wells Fargo nao wakafunga. Kwa Sherman foleni ilikuwa mpaka barabarani, akalipa siku nzima bila kumrudisha mtu, jioni bado kuna dhahabu imebaki, na waliotoa wakaanza kurudisha.

Hapo mimi nikakumbuka kikoba chetu. Nilikuwa mshika funguo mmoja kati ya watatu, siku moja ikazuka stori kwamba sanduku tupu, Jumapili jioni wamama wamejaa uani wengine hawanisalimii. Tukafungua sanduku mbele yao. Walipoziona zile hela nusu yao wakasema basi bana, tutakutana siku ya kuvunja. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo maana ukweli ni kwamba hela iliyokuwemo isingewatosha hata robo yao, nyingine zote zilikuwa kwenye mikopo, na kila mmoja pale alikuwa anajua hivo kwasababu wakopaji ni walewale!

Ndo maana kufunga mlango sio lazima iwe wizi. Wells Fargo walifunga wakapiga hesabu, ikaonekana mali zao zinazidi madeni ila keshi tu ndo haikuwepo palepale, baada ya siku chache wakafungua tena na mpaka leo wapo. Adams haikurudi, mkubwa wao Isaiah Woods akapanda meli akatoroka zake Australia mwaka huohuo. Hata 1893, kule Denver benki 12 zilifunga ndani ya siku tatu mwezi Julai baada ya bei ya fedha kuporomoka (fedha ile madini, silva), na kwa nchi nzima zile benki za leseni ya taifa zilizofunga mwaka ule zilikuwa 158 na 86 kati yake zilifunguliwa tena. Ila hebu jiweke kwenye nafasi ya mchimbaji aliyesimama nje ya mlango uliofungwa, atajuaje kama hii ni ya kufunguliwa wiki ijayo au mwenyewe yuko baharini? Bima ya amana ya taifa (ya kukulipa hela yako benki ikianguka) ilikuja 1933, karne nyingine kabisa, kwahiyo kukimbia kuwahi foleni ilikuwa akili tu, mi siwacheki.

Sherman mwenyewe tawi la San Francisco alikuja kulifunga kwa utaratibu 1857, bila purukushani, akahamia New York kufungua jingine Wall Street mwezi Julai. Agosti hiyohiyo Ohio Life, kampuni ya bima na fedha, ikaanguka, taharuki ikaenea, Oktoba kampuni mama yake ya St. Louis nayo chali. Akaandika kwa utani kwamba inaelekea yeye ndo mkosi, kailipua San Francisco, na New York nayo imemchukua miezi miwili tu.