Kikaragosi cha sentimita 25, dubwana la mita 25: nilivyokipa uzito

Kikaragosi changu kina urefu wa sentimita 25. Kwenye filamu ni dubwana la mita 25 linalopita kati ya mibuyu na nyumba za tembe nje ya Dodoma. Filamu yenyewe naipiga picha moja moja: nasogeza kikaragosi kidogo, napiga picha, nasogeza tena, kisha picha zinachezwa mfululizo. Yaani mara 100. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu, kuanzia mchanga hadi idadi ya picha, na wengi wanaoanza huipuuza kwa sababu akili yao yote iko kwenye meno na makucha.

Mifupa ni waya wa alumini wa milimita 3, nyuzi mbili zilizosokotwa kwa drili. Waya wa kufungia nondo unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini ukiukunja unarudi kidogo, na ukikunjwa mara nyingi pale pale unakuwa mgumu na kukatika. Hata alumini hukatika kwenye kifundo cha mguu, maana uzito wote unaishia hapo. Niliandaa miguu miwili ya akiba, kila mmoja ukiingia kwenye kijibomba cha shaba kiunoni na kubanwa kwa skrubu. Kwenye unyayo kuna nati ya milimita 4. Bolti inaingia kutoka chini ya plaiwudi iliyotobolewa. Bila hiyo dubwana haliwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Nyama ni sponji ya godoro iliyokatwa kwa mkasi. Ngozi ni silikoni ya kuzibia madirisha, ile inayonuka siki, niliyoichanganya na wanga wa mahindi kwa ujazo sawa (wanga, si sembe). Changanya donge la ukubwa wa yai tu, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu huganda upesi. Rangi ya maji haishiki juu yake, hivyo tia rangi ya mafuta ya wachoraji humo humo kabla ya kupaka. Manyoya niliyaepuka kabisa: kwenye King Kong, filamu ya sokwe mkubwa ya 1933, manyoya ya sungura yanatikisika kila mahali vidole vilipogusa.

Mibuyu ni visiki vya mizabibu vilivyokatwa wakati wa kupogolea, sentimita 15 hivi. Tembe zina sentimita 2. Udongo ulinisumbua zaidi: punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita 10 kwa vipimo vya dubwana, na mtazamaji anagundua mara moja. Niliuchekecha, kisha nikaupitisha kwenye chujio la chai.

Umeme wa jioni hupanda na kushuka. Jicho halioni, kamera inaona, na picha zikichezwa ukuta unapepesa. Nilitumia taa mbili za volti 12 kutoka betri ya sola, pazia zito dirishani, simu kwenye stendi, na nikafunga fokasi, mwanga na rangi visijibadilishe vyenyewe. Fulana nyeupe nayo hurudisha mwanga. Vaa nyeusi, na kila picha simama pale pale.

Sasa uzito, ambao ndio roho ya kazi hii. Kitu kikianguka kutoka mita 25 huchukua sekunde 2.26. Kwa picha 12 kwa sekunde, hizo ni picha 27. Kipande cha tembe kilichodondoka kutoka utosini nilikishikilia kwa waya mwembamba uliojificha nyuma ya mwili. Picha ya kwanza kinashuka theluthi ya milimita, yaani karibu hakisogei. Kufikia picha ya 9 kimeshuka sentimita 2.8, ya 18 sentimita 11, na picha ya mwisho peke yake inakula sentimita 1.8. Ukigawa sawasawa, kipande kinashuka kama lifti.

Hatua moja ilichukua picha 30: 14 za kuinua mguu, 8 za kuushusha, 8 za mwili kutulia. Mguu ukishagusa chini, kiuno kinaendelea kushuka milimita 2, kisha 1, kisha nusu, ndipo kinapanda. Mkia hufika wa mwisho. Ukiruka picha hizo za kutulia unabaki na mjusi anayetembea.

Kichwa cha picha za karibu ni kikaragosi kingine, kikubwa mara nne, cha kuvaa mkononi. Taya linavutwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Hapa uwiano ni mara 25. Muda wa kuanguka hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5, hivyo nilikirekodi kikisogea mkononi kwa picha 120 kwa sekunde na kuzicheza 24, yaani polepole mara 5. Kasi hiyo inataka mwanga mwingi sana, na betri haiutoi, kwa hiyo kichwa nilikitoa nje. Saa tatu asubuhi jua linapiga kutoka ubavuni kama taa zangu za ndani. Kufikia saa tano kivuli cha nyusi kimeshafunika macho, na picha za nje haziungani tena na za ndani.